Mgeni wa Maji

Profesa Mwakideu aliponiomba kwa mara ya pili nijipime uzito, nilijua ana lake jambo.

Mara ya kwanza alisema ni mambo ya afya, nikamwachia. Mara ya pili alitaka nipange matofali mabichi ndani ya tanuri, yalingane na uzito wangu, kisha niyaache humo niende zangu. "Tunataka kuchunguza udongo wake, dada Salome," alisema. Sauti ilitoka kwenye gamba la konokono nililovaa shingoni, ambalo kwa kweli halikuwa gamba wala halikuwa la konokono. Tangu nianze kazi Taasisi alikuwa akiniita Hiribae, kavukavu, kama mwalimu anayeita majina darasani. Siku aliyoanza kuniita dada ndiyo siku niliyoanza kumchunga.

Hata hivyo niliyapanga. Nilikuwa nimenenepa kwa chakula cha Dumat, mwenyeji wangu, kwa hiyo yalihitajika matofali mengi kuliko nilivyopenda.

Tanuri lenyewe lilikuwa bovu, nje ya mji wa Ashkemu, katikati ya matete marefu. Hakuna aliyechoma tofali humo tangu ukuta wake mmoja ulipobomoka, na ndiyo maana Taasisi ikaufungua mlango wake pale. Mlango ule ni mizani. Hauvushi kitu bure: uzito unaotoka upande huu lazima ulingane na unaotoka upande ule, la sivyo haufunguki hata uupigie magoti. Sauti tu ndiyo hupita wakati wowote, kwa kuwa haina uzito. Upande ule kuna maabara ya Taasisi kando ya Mto Tana, na mama yangu yuko Ngao, mwendo mfupi kutoka hapo, akingoja nirudi. Upande huu kuna mto mwingine, miaka elfu nne na zaidi kabla mama hajazaliwa. Watu wake waliuita Mto tu, kwa sababu hawakuujua mwingine.

Matofali yakatoweka, na mahali pake likaja sanduku refu. Profesa alisema ni vifaa vya kupimia mvua, nisivisumbue. Nikalifungua papo hapo.

Ndani nilikuwa nimelala mimi.

Alama ya moto kwenye kiwiko, niliyoipata jikoni kwa Dumat msimu huohuo, ilikuwepo. Nywele zilikuwa zimesukwa vilevile alivyonisuka Dumat juzi. Nilishika gamba shingoni nikalitazama upya, maana hakuna aliyewahi kuniambia kwamba lina macho.

Vivuli, yaani nakala za watu kama ile, si vitu vigeni kule kwetu. Mabenki huviweka mapokezini, na wenye pesa huvituma kwenye matanga ya watu wasiowapenda. Kivuli kinapumua, kinakula kidogo, kinajibu salamu, kinalala. Kubishana hakiwezi, na kwa baadhi ya waajiri hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Niliyaelewa hayo yote. Nisichokielewa ni nani aliyekusudiwa kudanganywa kwa kivuli changu, katika mji ambao watu walinitazama machoni kila siku.

Nikaliburuta sanduku nje ya tanuri, nikalifunika kwa matete, nikajitwika mzigo mwingine wa matete ili nisirudi mikono mitupu, nikarudi mjini nikiwa nimekaa chonjo.

*

Ashkemu haikumwamini mtu, na wala haikuona aibu kwa hilo.

Kila mji uliokunywa Mto ulitoa mtu wake mmoja akaishi katika nyumba ya mji mwingine, tangu maji yanapoanza kupanda mpaka mashamba yakauke. Walimwita mgeni wa maji. Alikula kabla ya wote, alilala juu ya paa kwenye upepo, na watoto walikatazwa kumpigia kelele. Ukifika unadhani umefika peponi. Baadaye unaelewa kwamba umelazwa pale ili watu wa kwenu wakibomoa tuta au wakiziba mfereji, maji yaanze na wewe.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo hawakulisema mara nyingi kwa kuwa kila mtu alilinyonya na maziwa ya mama. Mgeni akiondolewa kabla ya wakati, hakuna anayeuliza kwa nini. Watu hufunga mizigo wakapanda mlimani siku hiyohiyo.

Sisi tulipofika mara ya kwanza tulisema tumetoka chini kabisa ya mto, mbali sana. Taasisi ilijivunia uongo huo, eti ni mwepesi na hauna maswali. Kumbe mtu akisema ametoka chini ya mto, maana yake anakunywa maji yao, na anayekunywa maji yao anadaiwa mgeni. Wazee wa mji walitutazama wakingoja tumtoe. Bila mgeni hakuna ambaye angetuonyesha hata punje ya shayiri, na shayiri yao ndiyo tuliyoifuata, maana iliota kwenye chumvi. Kule kwetu bahari ilikwisha ingia mashambani, na chumvi ilitutoa jasho.

Basi nikatolewa mimi. Kwa upande wao Dumat, mjane aliyepika pombe karibu na lango la mfereji, akamtoa binti yake wa pekee, Ninari. Yeye alinizidi uzito kidogo, kwa hiyo siku ya kubadilishana nilivuka nimekumbatia kibuyu cha maji.

Dumat alikuwa uani akikoroga shayiri nilipoingia na matete.

"Umekawia," alisema.

"Nilikuwa nakata matete, mama."

"Tunayo matete." Aliyaangalia yale niliyotua, kisha akaniangalia miguu, ambayo ilikuwa na vumbi jekundu la matofali. "Mtu akikata matete hurudi na tope."

Hakuendelea. Dumat alikuwa na tabia ya kuliacha neno lake hewani na kurudi kazini, ukabaki nalo wewe. Alinipenda, nadhani, lakini alinipenda akiwa ananitazama kwa pembe ya jicho, na mimi nilimpenda vivyo hivyo.

Nilibadilisha mada, ingawa mada niliyoshika haikuwa nzuri. "Mto umeshuka leo."

"Nimeuona."

"Wakati huu unapaswa kupanda."

"Najua unapaswa kufanya nini. Nimezaliwa juu yake."

Asubuhi ile ngazi za mtoni zilikuwa zimebaki wazi mpaka chini, na wanawake walikuwa wakiokota samaki kwenye tope wakicheka. Mimi sikucheka. Sisi Wapokomo tumelelewa na mto, na mto unaoshuka wakati wa kupanda hauna zawadi. Maji yako mahali fulani huko juu, yamekwama, yanaongezeka.

"Huogopi, mama?"

Dumat aliinua mwiko akaung'uta. "Nimepita hekaluni. Mgeni wa Lamur yuko pale anakula samaki, mafuta yanamchuruzika mpaka kidevuni. Lamur wako juu yetu. Wangekuwa na jambo wangekuja kumchukua." Akanielekezea mwiko. "Na wewe uko hapa."

Ndivyo walivyosoma dunia. Walikuwa na macho makali kupita wote niliowahi kukutana nao, lakini waliyaelekeza kwa wageni, si kwa maji. Haikuwajia akilini kwamba Lamur nao huenda hawajui lolote. Na kuhusu mimi, walikuwa wakiniangalia wakatulia, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa kivuli kimeletwa kwa kazi gani.

*

Tulikuwa tumekubaliana na wazee kwamba Dumat atamsikia mwanawe mara kwa mara. Tulimwambia gamba langu linavuta sauti kutoka chini ya mto. Hakuamini wala hakukataa. Alilipokea kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika mkia wa panya, na kila mara alianza kwa swali ambalo mtu mwingine asingeweza kulijibu.

Siku iliyofuata ilikuwa zamu yake. Tulikaa kwenye kivuli cha ukuta.

"Ulipokuwa mdogo ulimficha mbuzi wa nani?" aliuliza.

"Wa shangazi," sauti ya Ninari ikajibu. "Nikamficha kwenye pipa lako la pombe, akalewa."

Dumat alilegea mabega. "Unakula?"

"Nakula, mama. Nimenenepa." Kisha akaongeza upesi, bila kuvuta pumzi: "Nimeiona nyumba yetu. Jiko liko palepale. Mtungi mkubwa umepasuka, na tope limejaa mpaka juu ya..."

Gamba likanyamaza.

Dumat alilitikisa, akalitega tena sikioni, akanirudishia. Nilingoja aseme binti ameota. Hakusema hivyo. Aliinuka akaenda uani kwenye mtungi wake mkubwa, akauzunguka akiupapasa kwa kiganja, taratibu, upande hadi upande.

"Mtungi wangu haujapasuka," alisema.

"Hapana, mama."

"Na kutoka huko aliko haiwezekani kuiona nyumba hii."

"Haiwezekani."

Alinitazama moja kwa moja, si kwa pembe ya jicho. Nilihisi jasho likinitoka shingoni chini ya lile gamba lenye macho. Ningeweza kusema kitu, lakini nilikuwa bado sijui kiasi gani ni kweli na kiasi gani ni machale yangu, na nilitaka kwanza kumsikia mtu mmoja akidanganya.

*

Nilirudi kwenye tanuri jua likiwa kali. Nilikaa juu ya sanduku, nikalishika gamba mkononi ili Profesa anione vizuri.

"Mmemkatiza Ninari," nilisema. "Aliiona nyumba yao wapi?"

"Dada Salome..."

"Niite Hiribae, Profesa. Nakusikia vizuri zaidi."

Kisha sauti yake ikarudi ile kavu ninayoijua, na nikajua sasa tutaongea.

Alinieleza. Tangu zamani Ashkemu ilichimbuliwa kidogo na wachunguzi wa mambo ya kale, na ukuta mmoja wa nyumba ulihamishiwa kwenye jumba la makumbusho, pamoja na jiko na mtungi. Mtu wa Taasisi, kwa wema wake, alimpeleka Ninari kutembea. Hakuna aliyefikiri kwamba binti atalitambua jiko la mama yake nyuma ya kioo. Alilitambua. Alisimama pale akapiga kelele mpaka walinzi wakaja.

"Na tope?"

"Ubavu wa mlima umeporomoka mtoni, juu kabisa ya Lamur. Ndio unaozuia maji sasa hivi. Ukiachia, tope litafunika bonde zima. Hatujui siku hasa. Hivi karibuni."

"Mmejua tangu lini?"

"Tangu kabla hujavuka."

Nilicheka, ingawa hakukuwa na cha kuchekesha. Walikuwa wamenilaza juu ya paa la nyumba ambayo wanajua mwisho wake, na mimi nikawashukuru kwa posho.

"Mlikuta mifupa ndani?" niliuliza.

Alikawia kujibu. "Tumechimba nyumba moja tu."

"Sikuuliza nyumba ngapi."

"Sina la kukwambia juu ya hilo, Hiribae." Nikalisikiliza lile jibu kila upande. Sikuweza kujua kama ananificha jambo baya, au jambo ambalo lingenitia moyo.

Akanipa mpango wake. Mbegu zimekwisha patikana na zimeota; mama yangu na Ngao yote watapanda mwaka huu. Mimi niingie kwenye tanuri leo hii, wao watatuma mchanga wa uzito wangu, nivuke. Kivuli kitaingia mjini badala yangu, kitakula, kitalala juu ya paa. Mji hautajua kwamba mgeni ameondoka.

"Na Ninari?"

"Hawezi kurudi. Ameshajua. Tutamtunza."

"Kwa hiyo mji ufe umetulia."

"Mji ulikwisha kufa," alisema. "Kwetu ulikufa zamani sana. Kila aliyezaliwa baadaye, amezaliwa juu ya hilo. Ukiwaondoa watu hawa, wataoa, watazaa, watahama, watapigana na wengine. Utakuwa umetia mkono ndani ya kila kitu. Mama yako mwenyewe, Hiribae. Unataka kuamka kesho ukute hakuwahi kuwepo?"

"Unajuaje kwamba itakuwa hivyo?"

"Sijui," alisema Profesa Mwakideu.

Katika maneno yote aliyoniambia tangu aanze kuniita dada, hilo ndilo pekee nililoliamini.

Alimalizia kwa kanuni, akaisoma kama ilivyoandikwa. Nikiondoka kwa siri, mlango utanivusha. Nikiondoka mbele ya watu, mambo ya huku yakianza kubadilika, mlango utajifunga wenyewe, na hakuna mtu wa kuufungua tena. Akasema yeye si mtu mkatili. Nadhani alisema kweli. Angekuwa mkatili ningeamua upesi zaidi.

*

Niliufungua mfuniko wa sanduku, nikakiamuru kivuli kisimame. Kikasimama.

"Niko tayari," kilisema kwa sauti yangu.

Nilikizunguka. Kazi ilikuwa safi. Nilimwaza mama akiwa shambani Ngao, amekunja kanga, anashika suke la shayiri lililostahimili chumvi na kumwita jirani aje kuona. Nilitaka kuwa pale. Nilitaka sana, na sitaki mtu adhani kwamba nilikuwa jasiri. Niliingia ndani ya tanuri. Nilikaa chini, magoti yakigusa kidevu, kama tunavyokaa tunapovuka.

Kisha nikawaza jioni itakavyokuwa. Dumat atakiwekea kile kitu bakuli la kwanza. Atasimama kando akikitazama kinavyokula, kwa jicho lake lile lisilomwamini mtu, na kwa kuwa kinakula, atatulia. Ataangalia mto umeshuka, ataangalia paa, ataona kimelala, naye ataenda kulala. Maisha yake yote alijilinda kwa kutoamini, na sisi tungemuua kwa kupitia tundu lilelile.

Hilo lilinishinda. Kifo cha mji sikuweza kukipima. Ni kitu kikubwa mno kwa kichwa changu. Lile bakuli niliweza.

Nikatoka tanurini. Nikakiambia kivuli kirudi kulala, kikatii.

*

Mgeni wa maji anapoondoka, hukaa kwenye kizingiti akanyoosha miguu njiani, na mwenyeji humwagia maji miguuni. Maji yanatiririka mpaka katikati ya njia. Kila anayepita huona mlango umelowa, na hakuna haja ya kutangaza.

Nilifika wakati njia imejaa watu wanaotoka mtoni na samaki wao. Nikakaa kizingitini kwa Dumat, nikanyoosha miguu.

Mwanamke aliyekuwa akipita na kapu alisimama. Mwingine nyuma yake akamgonga, akataka kulalamika, akaona miguu yangu, akanyamaza.

Dumat alitoka. Aliniangalia miguu, akaangalia watu, kisha akachuchumaa karibu nami ili asisikike.

"Msimu haujaisha," alisema.

"Najua, mama."

"Nimekukosea?"

"Hujanikosea kitu."

"Basi mwanangu yuko wapi? Mgeni hatoki mlango huu kabla yule wa kule hajaingia. Hata Lamur wanalijua hilo."

Nilikuwa nimepanga maneno tangu tanurini, na yote yalinitoka kichwani. "Ninari harudi," nilisema. "Yuko hai, anakula, hakuna atakayempiga. Lakini njia inafungwa. Nikiondoka hivi, mbele ya watu, haifunguki tena. Kwake wala kwangu."

Uso wake haukubadilika. Mkono wake ndio ulioshika kizingiti.

"Na usipoondoka hivi?"

"Tope linakuja. Lile alilokwambia. Mlima umeanguka mtoni huko juu."

Nilimwona akifikiri, na nilijua vizuri anafikiri nini, kwa sababu ningekuwa yeye ningefikiri hivyohivyo.

"Labda mnataka tuhame," alisema, "ili watu wenu waje kuchukua shayiri. Mmekuwa mkiiulizia shayiri tangu siku ya kwanza. Mna binti yangu. Mmeshamtia maneno mdomoni. Na wewe umerudi jana na vumbi la tanuri miguuni."

"Yote hayo ni kweli," nilisema. "Nisingejiamini mimi mwenyewe."

"Basi kwa nini nikumwagie maji?"

"Kwa sababu siondoki. Nikishamwagiwa nitapanda mlimani pamoja nanyi. Watu wangu wakija kuchukua shayiri, mimi niko mkononi mwako, nifanye utakalo. Na tope likija, niko mkononi mwako vilevile."

Gamba likanong'ona shingoni. "Hiribae, simama. Bado kuna nafasi. Nakuomba." Dumat alilisikia. Hakujua Kiswahili, lakini mtu anayeomba hujulikana kwa lugha yoyote. Alilitazama gamba, kisha akanitazama mimi nisivyojibu.

Aliingia ndani. Nilidhani amenikataa. Watu njiani hawakusogea. Alirudi na chungu cha maji ya kunywa, yale masafi aliyoyachuja mwenyewe, akasimama mbele yangu. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilijua ni jina gani linapita humo.

Akamwaga.

Maji yakapita miguuni kwangu, yakafika njiani, yakagusa kapu la yule mwanamke. Hakuuliza kitu. Aliinua kapu lake, akageuka, akaenda kwake akitembea upesi. Hakuna aliyepiga kelele wala aliyekimbia. Nilisikia tu milango ikifunguliwa njia nzima, na vyungu vikigongana.

Shingoni Profesa alisema, "Salome," bila dada na bila Hiribae. Baada ya hapo gamba likawa gamba.

*

Jua lilipoinama mji ulikuwa njiani. Mgeni wa Lamur alirudishwa kwao mbio, midomo ikiwa bado na mafuta. Lamur wakimwona tu, nao hawatauliza. Wazee walibebwa, mbuzi waliburutwa. Watoto walifurahi, kama watoto wote wanaohama.

Dumat alinitanguliza mbele. Kila nilipotaka kupunguza mwendo niende naye sambamba, alisimama, akangoja niendelee. Alitaka mgongo wangu uwe mbele ya macho yake. Nilikuwa nimeupatia mji wake muda wa kukimbia na nimempotezea mtoto, yote kwa siku moja, na sikuwa na haki ya kumwomba atembee nami bega kwa bega.

Mlimani tulingoja. Mto uliendelea kuwa mdogo, mzuri, wenye samaki. Watu wakaanza kununa. Wapo waliosema wazi kwamba mwanamke wa chini ya mto ametuchezea, tushuke. Wanaume wawili wakaanza kunikalia karibu kila nilipokaa. Dumat hakunitetea wala hakunishitaki. Kila asubuhi, kabla ya lolote, nilitaja jina la mama yangu, na la baba yake, na la kijiji, nikaona bado nayakumbuka. Sijui kama hilo linathibitisha chochote.

Lilikuja asubuhi. Kwanza ndege waliruka wote kutoka kwenye matete. Halafu ardhi ikanguruma, na kutoka upande wa Lamur likatokea tope lenye rangi ya damu ya mzee, limebeba miti na mawe, halina haraka yoyote. Liliingia Ashkemu kwa lango la mfereji. Likapanda ngazi za hekalu. Nyumba ya Dumat ilikuwa miongoni mwa za mwanzo. Tuliona paa, kisha hatukuliona.

Wale wanaume wawili waliondoka karibu nami wakaenda kukaa mbali, na hawakunitazama tena usoni. Watu walilia. Mimi nililia, na kilichonitoa machozi zaidi ni lile tanuri kwenye matete, lililozama na mimi mwingine kando yake.

Dumat hakulia. Alikaa juu ya jiwe akitazama mahali palipokuwa na ua wake. Baada ya muda mrefu aliniita, nikaenda nikakaa chini.

"Mwanangu aliona haya," alisema. "Aliyaona kabla hayajatokea. Maana yake kule aliko, haya yalikwisha kutokea."

"Ndiyo, mama."

"Zamani?"

"Zamani sana."

Alitikisa kichwa polepole. Hakuonekana kushangaa, alionekana mtu ambaye hesabu yake imekubali. "Alipoitazama nyumba," aliuliza, "alinikuta ndani?"

Nilikumbuka Profesa alivyokawia kujibu. Nilijua sijui. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kupima neno pande zote kabla ya kulishika, na safari hii sikulipima.

"Hakukukuta," nilisema. "Nyumba ilikuwa tupu."

Alinitazama kwa pembe ya jicho, kama zamani. Nadhani aliona. Nadhani aliamua kuliacha.

"Basi atakuwa ananitafuta," alisema. "Vitu vyetu gani hufika huko? Nguo?"

"Nguo huoza."

"Mti?"

"Mti pia. Kinachofika ni udongo uliochomwa. Vyungu. Vipande vyenye alama juu yake."

Dumat alishuka kwenye jiwe, akasafisha mahali pa wazi kwa kiganja, akaanza kupanga mawe ya moto.

"Basi kalete udongo," alisema.